Yule Kafili Uliyemsamehe

Al-Hindawiyah, Jeddah
Ijumaa, mchana

Naliaka,

Wenzangu wametoka kwenda kula na chumba kimebaki changu mpaka saa kumi. Nimekaa kwenye kitanda cha chini, daftari nimeliweka juu ya ndoo niliyoifunika na kipande cha ubao, na joto la leo linafanya kalamu iteleze mkononi. Kesho saa kama hii utakuwa uwanja wa ndege, ukienda kusomea misitu nchi ya baridi. Mambo ya koti na soksi nzito, na namna ya kubeba pasipoti ndani ya nguo, shangazi yako, Senge Rispa, ameshakuambia, na dada yangu akishasema jambo halihitaji mtu mwingine kulirudia. Mimi nina jambo moja tu. Nimelizunguka miaka mitano na kesho unaondoka.

Ijumaa iliyopita ulinipigia, ukasema, "Baba, kuna kitu nataka kukuambia na usicheke."

"Sicheki."

"Yule kafili wako wa Riyadh, nimemsamehe. Nilimchukia vibaya, Baba. Nilikuwa namwombea mabaya hadi kanisani. Sasa siwezi kwenda kuishi msituni na hiyo chuki, si nitaoza nayo huko? Nimemwachilia. Nimemaliza."

Nikakuambia, "Umefanya vizuri, mama." Kisha nikasema laini ni mbaya, nikakata. Laini ilikuwa nzuri.

Naliaka, yule mzee aliyenileta huku kazini na kushika pasipoti yangu hakunikataza kuja kumwona mama yako alipokuwa anaumwa. Alinipa ruhusa. Karatasi ya kutoka alisaini siku ya pili baada ya mimi kumwomba. Pasipoti alinirudishia kwa mkono wake mwenyewe. Mimi ndiye sikuja.

Nimeliandika hapa mapema kwa sababu najijua. Ningengoja mwisho wa barua ningepata sababu ya kuliacha. Kama unataka kuiweka chini hii barua sasa hivi, iweke. Lakini ukiweza kusoma zaidi, nataka ujue ilivyokuwa, maana umekua ukiijua hadithi nyingine, na hiyo nyingine mimi ndiye niliyeitunga.

Unakumbuka niliondoka nyumbani nikiambiwa naenda kuwa dereva. Ajenti pale Nairobi alinionyesha hata picha ya gari. Kufika Riyadh nikapelekwa shambani kwa mzee, nje ya mji, nikapewa mpira wa maji na ufagio. Mzee alikuwa amesoma nchi ya baridi akiwa kijana, na inaonekana moyo wake ulibaki huko. Akajenga lile banda la vioo, kubwa kama kanisa letu mara mbili, akaleta miti ya huko, mialoni na ile mepo yenye majani kama kiganja cha mtoto, na mashine za kupoza hewa. Hakutaka kivuli tu. Alitaka majira. Ikifika Novemba fundi anapunguza joto kidogo kidogo na taa zinazimwa mapema, siku ndani ya banda inakuwa fupi kuliko siku ya nje.

Haya unayajua. Nilikuwa nakusimulia kila Ijumaa na wewe ukicheka. Uliniita mshamba wa theluji. Lakini nilikuwa nakupa upande wa kuchekesha tu, kwa hiyo vumilia nirudie.

Baridi yangu ya kwanza mle ndani, majani yalianza kugeuka manjano. Mengine mekundu kama damu. Nikajua tumekwisha, ni ugonjwa, na mtu wa maji ni mimi. Nikaongeza maji. Nikaomba Mungu. Yakaanza kuanguka, nami nikafanya lile jambo ambalo mtu yeyote aliyelelewa kwetu angefanya: nikafagia. Wewe unajua nyumbani kwetu uwanja usiofagiwa alfajiri ni aibu, mgeni atasema humo ndani kuna mgonjwa au kuna mvivu. Nilifagia kila asubuhi mpaka udongo ukabaki na mistari ya ufagio, nikatia majani kwenye magunia, nikayachoma nyuma ya ukuta. Nikajiona mtu wa maana.

Mkubwa wetu pale kazini alikuwa Kemal, Mturuki, mzee wa masharubu, amezaliwa kwenye misitu ya namna hiyo kule kwao kaskazini. Alikuwa ameenda likizo. Aliporudi akasimama mlangoni mwa banda akaangalia ule udongo mtupu.

"Wafula! Nani amemvua mama yangu nguo?"

Nikamwambia ni mimi, nimesafisha.

"Umesafisha! Wallahi Mkenya huyu angepewa kaburi angelipiga deki." Halafu akanishika shingo kwa nyuma, akanipeleka kwenye mti mmoja, akakuna tawi na ukucha. Chini ya gome palikuwa kijani kibichi. Akanionyesha pale jani lilipotoka. Hapakuwa na kidonda. Mti wenyewe ulikuwa umeziba mlango kabla ya kuliachia jani. Na kando yake palikuwa na kichipukizi kigumu, kimefungwa kwa magamba. Akaniambia hicho kilitengenezwa wakati wa joto, mti ukiwa bado umejaa majani. Ulishajiandaa mapema. Kile cha maana ulikivuta ndani, ukaachia majani kwa sababu kuyalisha kwenye giza na baridi kungeuua. Na majani yaliyoanguka ni blanketi la udongo, na mwakani ni chakula. Ndiyo mimi nilikuwa nayachoma.

Wewe baadaye ukanisomesha zaidi. Ukaniambia manjano haiji, ilikuwamo tangu mwanzo, ila kijani kilikuwa kimeifunika, na kwamba mti haungoji baridi, unahesabu urefu wa siku. Nikakuuliza, unahesabu kwa kitu gani, una saa? Ukasema, "Baba, hata kuku wako wanajua saa ya kulala na hawana saa." Nilijivunia jibu hilo wiki nzima, nikawasimulia watu.

Sasa kalunguyeye. Wajukuu wa mzee waliletewa kalunguyeye wa Ulaya, wakachoka naye wakamwachia ndani ya banda. Asubuhi ya siku ile Kemal aliyorudi, katika kufagia kwangu, nilivuta rundo la majani chini ya mwaloni na nikamkuta. Amejikunja, amekuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nikamgusa, hakuna kitu. Nikamweka kwenye kiganja nikangoja, hakuna pumzi. Kwetu kalunguyeye tunamjua, na akiwa hivyo amekufa, halas. Nikachimba shimo karibu na ukuta nikamzika. Hata nilimvulia kofia.

Kemal kusikia hivyo alikimbia. Mzee wa miaka sitini na kitu, alikimbia. Akafukua kwa mikono, akamtoa, akampuliza udongo uliokuwa puani, akamshika karibu na sikio lake muda mrefu sana. Kisha akaniita nisikilize. Sikusikia kitu. Akasema ngoja. Nikangoja mpaka nikachoka, na ndipo nikasikia pumzi moja, ndogo, kama mtu anayekunja karatasi chumba cha pili.

"Mafi maut," akaniambia. Hajafa. "Amepunguza moto tu. Alikula kuanzia kiangazi mpaka akanenepa, sasa anaula mwili wake pole pole mpaka joto lirudi. Wewe umemnyang'anya majani yake, halafu ukamnyang'anya hewa. Wafula, mtu asiyejua kungoja asipewe kitu chenye uhai."

Tukakusanya majani machache yaliyobaki, tukamfunika. Mwezi wa tatu fundi alipopandisha joto, jioni moja nilimwona anatembea akipepesuka kama mlevi, amekonda, anatafuta wadudu. Nilikupigia siku hiyo hiyo. Ulikuwa darasa la saba. Ulipiga kelele mpaka mama yako akakunyang'anya simu. "Baba Naliaka," akasema, "umemfanya nini mtoto wangu? Anaruka kama amepata zawadi." Hiyo ndiyo sauti yake ninayoikumbuka vizuri. Alikuwa mzima.

Kwa hiyo unaona. Nilikuwa nimeshafundishwa. Sikufanya nilichofanya kwa kutojua.

Mwaka uliofuata ndio mama yako alianza kuumwa, na ile hospitali ya pili ndiyo ikataja kansa. Senge Rispa alinipigia siku ya Jumatano, mimi nimesimama kando ya tangi la maji. Akasema, "Kaka, Nekesa ameacha kuongea. Chakula hataki. Amejikunja tu anaangalia ukuta. Njoo."

Nilienda kwa mzee siku hiyo hiyo. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake katikati ya miti, amejifunga shali. Nikamweleza kwa Kiarabu changu kibovu. Hakuuliza maswali. Alisema, "Ruh, Wafula. Nenda. Mama wa watoto hapatikani dukani." Ijumaa karatasi na pasipoti vikawa mkononi mwangu. Nafasi ya ndege ilikuwa Jumapili.

Na mimi Jumamosi yote nilikaa kitandani nikiangalia ile karatasi.

Nimejaribu kutafuta sababu nzuri. Nimekuwa na miaka ya kuitafuta. Wakati mwingine najiambia niliona aibu kurudi mtu wa ufagio wakati kijijini wote wanajua mimi ni dereva. Hiyo ni kweli lakini ni ndogo. Kubwa ni kwamba niliogopa kumwona. Niliogopa ule mwili, niliogopa harufu ya chumba, niliogopa atanigeukia aniulize kitu. Dada yangu aliposema amejikunja, kichwani mwangu nilishamaliza. Nikajiambia amekwisha, nikifika nitakuta maiti, kwenda na kutokwenda ni sawa. Nilimzika kutoka Riyadh, Naliaka. Akiwa hai.

Jumapili asubuhi nikampigia Rispa nikamwambia kafili amekataa, ameshika pasipoti. Nilipokuwa nikisema, pasipoti ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Ilikuwa uongo rahisi sana. Hakuna aliyeshangaa, kwa sababu kila mtu kijijini anamjua msichana aliyefungiwa ndani huku au kijana aliyezikiwa mzazi akiwa huku. Rispa alimlaani yule mzee kwa nusu saa. Mimi nikaitikia.

Na kwa mzee nikasema nini? Maana aliniona Jumatatu nimeshika mpira wa maji.

"Hukwenda?"

"Amepata nafuu, baba. Amesema nisisumbuke."

Akainua mikono akamshukuru Mungu. Mchana akaleta sinia nzima ya wali na nyama ya mbuzi kwenye chumba chetu, shukrani kwa kupona kwa mke wangu. Watu wakanipa mkono. Kemal peke yake hakula. Yeye ndiye alikuwa anipeleke uwanja wa ndege. Aliniangalia, akavuta sigara yake, akatoka. Mimi nilikula. Nilikula mpaka nikashiba, na wewe wakati huo ulikuwa unamgeuza mama yako kitandani ili mgongo usitoke vidonda, una miaka kumi na tatu.

Aliishi miezi mitano. Wewe ndiye ulikuwa unanipa habari, na habari zako zilikuwa njema, ndizo zilizokuwa zinanichoma. "Baba, leo amekunywa uji wote!" "Baba, leo ameomba nimsuke." "Baba, pikipiki ikisimama hapo nje anauliza, huyo ni Baba Naliaka?" Na mimi nakujibu, "Mwambie kafili bado." Miezi mitano ya kungoja, Naliaka. Ningeweza kuja mara nne. Karatasi ile ilipitwa na wakati chini ya godoro.

Halafu mazishini, Rispa alinisimulia, mzee mmoja wa ukoo alisema kwa sauti kwamba mwanamume gani huyu. Ukasimama mbele ya watu, na ile sare ya shule, ukasema, "Msimseme baba yangu. Baba amezuiwa." Mtoto alinikinga mbele ya kaburi la mama yake kwa uongo wangu mwenyewe.

Nilipohamishiwa Jeddah kumwendesha mtoto wa mzee, nikaja kulala chumba hiki. Kitanda cha juu yangu yuko Musa wa Kakamega. Yeye kafili wake alimkatalia kweli. Mama yake alizikwa yeye akipakua mizigo bandarini, ikama yake, kile kibali cha kuishi huku, ikiwa kabatini kwa bosi. Akisimulia hulia bila kuficha uso. Siku moja akaniambia, "Wewe ndiye unanielewa, Wafula, sisi ni wamoja." Nikasema ndiyo. Sijui kama kuna mtu nimemwibia zaidi ya Musa, labda wewe tu. Niliuchukua ukweli wa watu kama yeye nikauvaa kama shati.

Sasa unajua. Wewe unaenda kusomea misitu, na nusu ya mapenzi yako kwa misitu ilitoka kwenye simu zangu za Ijumaa. Hilo sitaki uliondoe. Yale ya miti yalikuwa kweli yote. Nilipokusimulia jinsi vichipukizi vya mepo vilivyopasuka, vyekundu, vimekunjamana kama sikio la mtoto mchanga, nilikuwa nasema kweli, na nilikuwa nasema kwa furaha. Kama utachukua kitu kwangu, chukua hayo.

Wewe utakuta huo msitu haujafungiwa vioo wala hauwashwi na fundi. Utafika kabla majani hayajaanza kugeuka. Ulishaniambia utakayoyaona: ndege watakaoondoka, kindi atakayezika mbegu za mwaloni kila mahali na kusahau nyingine, na hizo alizosahau ndizo miti ya baadaye. Utaona miezi ya giza. Najua hutaogopa miti. Ninachoogopa mimi ni giza lako wewe, peke yako, lugha ngeni, jua likizama mchana. Mimi nilipozidiwa na upweke nilijifunga, nikawa baridi, na nilipoitwa sikuamka. Yule mnyama hujipunguza moto ili aamke. Mimi nilijipunguza ili nisisikie. Kwa nje vinafanana kabisa, hata wewe mwenyewe hutaweza kuvitofautisha siku za mwanzo. Kwa hiyo mtafute mtu mmoja huko, mmoja tu, anayeruhusiwa kukutikisa. Usichague mtu mpole sana.

Kuhusu mimi na wewe, sitakupigia. Si kwa kususa. Nikipiga utajisikia lazima upokee, nami nimekulazimisha mengi. Ijumaa nitakuwa na simu mkononi kuanzia saa saba kama kawaida. Usipopiga wiki hii, sawa. Usipopiga mwaka huu, sawa pia. Sitamwambia mtu kwamba umenisahau, wala sitajiambia hivyo. Ukinyamaza nitahesabu kwamba uko hai na una sababu zako. Hilo angalau nimelijua kufanya sasa, ingawa nimelijua nimechelewa mtu mmoja.

Nimempigia Rispa asubuhi ya leo nikamwambia yote kabla yako, maana sikutaka uyasome ukiwa peke yako. Akasema, "Wafula, mimi nilimpaka yule mwanamke mafuta miguu kila siku nikimwambia unakuja." Akakata. Baadaye akaandika ujumbe mfupi kwamba nitume picha za kurasa, atakupa mara tu zikifika, kabla hujafunga begi. Ili ukitaka kulia ulilie nyumbani, na ukitaka kunitukana uwe na mtu wa kukuitikia. Mtii huyo. Yeye ndiye mzazi uliyekuwa naye.

Kwa yule mzee usifanye kitu. Hajui kama ulimchukia wala kama ulimsamehe. Bado ananitumia tende mwezi wa Ramadhani na kuuliza watoto wa Nekesa hawajambo. Naye nitamwandikia. Musa nitamwambia leo akirudi kutoka kula, uso kwa uso, na kama atataka nihame chumba nitahama.

Kitu cha mwisho, halafu nakuachia ufunge mizigo yako.

Miaka hii yote sijawahi kukuuliza mama yako alikufaje. Umeona hilo? Nafikiri umeliona, wewe huachi kitu. Nilikuwa nauliza jeneza, nauliza mvua kama ilinyesha, nauliza nani alihubiri. Hilo sikuuliza kwa sababu mtu aliyezuiwa angeuliza siku ya kwanza, akilia, na mimi sikuwa na haki ya kile kilio. Wewe ulikuwa chumbani. Rispa alikuwa ameenda kuteka maji, ulikuwa wewe peke yako na yeye, na umelibeba hilo tangu utoto bila baba yako kukuuliza hata mara moja ulikuwaje.

Sasa nauliza. Aliamka siku hiyo? Alijua ni wewe? Ulikuwa umemshika mkono, au uliogopa kama mimi? Kama uliogopa, ulikuwa mtoto, ulikuwa na haki ya kuogopa, na hukukimbia.

Usinijibu kwa ajili yangu. Lakini siku ukitaka kumwambia mtu, nitakaa nisikilize mpaka mwisho, na sitasema laini ni mbaya.

Baba yako,
Wafula